Mguu Uliobaki Kwenye Magari

Gereji ile haikuwa na bango, wala haikulihitaji. Watu walisema tu, "Peleka kwa Sikio na Mguu," na hata mgeni aliyeshuka mjini asubuhi hiyo hiyo angeonyeshwa njia mpaka mlangoni. Sikio alikuwa mdogo, Mguu alikuwa kaka yake, tumbo moja, wamepishana miaka mitatu. Majina waliyopewa na mama yao yalibaki kwenye vyeti. Mke wa Sikio naye alimwita Sikio, hasa akiwa na lake moyoni: "Sikio la kusikia injini ya mtaa wa pili, lakini nikisema gesi imekwisha, kiziwi."

Kazi yao ilikuwa ndogo na yenye visirani, ndiyo maana mafundi wengine waliikimbia. Walirekebisha magari ya zamani yenye kabureta, yale yanayokwenda vizuri kabisa mpaka siku unapokanyaga mafuta ghafla. Hapo ndipo yanapomuumbua mwenyewe. Unataka kulipita lori, unakanyaga, injini inakohoa, inanyamaza kidogo kama mtu aliyeulizwa jambo asilotaka kulijibu, ndipo inavuta, na wakati huo dereva wa lori keshakutukana vya kutosha.

Ukimuuliza Sikio sababu, alikueleza bila kuinua kichwa. Mguu ukishuka kwa nguvu, hewa huwahi kuingia kwa kuwa ni nyepesi, na petroli huchelewa kwa kuwa ni nzito. Kwa muda wa kufumba na kufumbua injini inakula hewa tupu. Kwa hiyo ndani ya kabureta kuna pampu ndogo, haizidi ncha ya kidole, ambayo hutema petroli kidogo pale pale mguu unaposhuka. Mate hayo yakiwa machache, injini inakabwa. Yakizidi, inalewa na kutoa moshi mweusi. Yote hayo yanategemea springi moja na skrubu moja, na robo mzunguko wa skrubu hiyo unatosha kuponya au kuharibu. Wenye magari ya siku hizi yenye kompyuta hawakumsumbua Sikio, naye hakuwasumbua.

Walifanya kazi wote wawili pamoja. Mguu alikaa kitini kwa dereva, kiatu cha kulia amekivua. Sikio aliinama chini ya boneti na kipande cha mpira wa maji, upande mmoja sikioni, upande wa pili karibu na mdomo wa kabureta. Hawakuzungumza. Sikio aligonga madigadi mara moja kwa mpini wa bisibisi, Mguu akakanyaga. Na mguu ule ulikuwa na tabia yake: uliigusa pedeli kwanza, mguso mdogo tu, ndipo ukashuka wote. Gusa, kanyaga. Sikio aliujua kama unavyowajua watu wa nyumbani kwako kwa hatua zao ukumbini. Waliishi hivyo miaka ishirini na minne, na sidhani kama kuna ndoa nyingi mjini zilizosikilizana kiasi hicho.

Kosa lao lilikuwa hapo hapo, na hakuna aliyeliona kuwa kosa. Hawakumruhusu mwenye gari akanyage. Mteja alikaa kwenye benchi nje, akasubiri. "Mguu wa mteja hauna adabu," Mguu alikuwa akisema, na wateja walicheka. Basi kila gari lililotoka pale lilitoka limeshonwa kwa kipimo cha mguu mmoja, na mguu huo haukuwa wa mwenyewe. Maadamu ulikuwa mguu mwepesi na mzima, hakuna aliyedhurika. Gari linaloumudu mguu mwepesi linaimudu miguu yote.

Kisha kisukari kikaingia. Siku ya kwanza Mguu alikuja kazini na ndala moja, nyingine imemvuka njiani bila yeye kujua, wakacheka mpaka machozi. Mwezi uliofuata aliingia na msumari kisiginoni, anasimulia habari za mpira wa miguu, damu inamfuata sakafuni. Hapo hawakucheka. Alikwenda hospitali, akapewa dawa na maonyo, akarudi kwenye kiti chake.

Gari lililokuwepo siku hiyo lilikuwa la mikate. Sikio aligonga. Akausikia mguso. Halafu hakusikia kitu. Ule ukimya ulikaa, ukakaa, ndipo pedeli ikashuka taratibu, kama inashushwa kwa kamba. Sikio aliinua macho juu ya boneti. Nyuma ya kioo, kaka yake alikuwa ameinamisha kichwa, anautazama mguu wake mwenyewe.

Alipaswa kusema neno pale. Hakusema. Alijua vizuri maana yake: mguu wa kaka umekufa ganzi. Na kumwondoa kaka yake kitini, kwa jinsi alivyomjua, kulikuwa ni kumwambia kaa nyumbani ungoje siku yako. Basi akafanya jambo ambalo fundi wa kawaida asingeweza hata kulifikiria, maana lilihitaji sikio kama lake. Aligeuza skrubu na kupunguza mate ya pampu, mpaka gari likaufuata ule mguu wa taratibu bila moshi wala kikohozi.

"Safi," akasema.

"Safi," kaka yake akajibu, akafuta jasho.

Wakaendelea hivyo miezi kumi na mitatu. Kila mwezi mguso ulirefuka, na kila mwezi Sikio alipunguza mate. Gari la mwisho waliloshughulikia lilikuwa gari dogo la abiria la mke wa Mguu, ambaye aliwapeleka watoto wa chekechea shuleni na kuwarudisha. Wiki tatu baadaye, Jumanne mchana, Mguu alilala kwenye kochi la nyumbani kwake baada ya chakula, na hakuamka.

Walimzika. Sikio alikaa na msiba, akapokea mikono ya watu, na wiki ya tatu akafungua lango la gereji peke yake. Alifagia. Akapanga spana kwa ukubwa, akazipangua, akazipanga tena. Nje ya ukuta kulikuwa na taa za kuongozea magari, na magari yaliyosimama pale aliyasikia siku zote bila kuyasikiliza.

Taa zikawaka kijani. Gari moja likaondoka.

Gusa. Kimya kirefu. Kanyaga.

Alitoka nje mbio na ufagio mkononi. Lilikuwa gari la mikate, linakata kona, na usukani ameushika dereva wake yule yule wa siku zote. Sikio akajiambia ni majonzi, na majonzi yanaweza kumfanyia mtu mengi. Akarudi ndani. Taa zikabadilika tena. Pikapu ya muuza mayai. Gusa, kimya, kanyaga. Saa moja baadaye teksi ya mzee mmoja mstaafu, vile vile. Yale magari mengine, ambayo hayakuwahi kuingia gerejini kwake, yaliondoka kama magari. Lakini haya yaliondoka na kaka yake ndani, na si kaka yake wa zamani mwenye mguu mwepesi. Ni yule wa mwisho, anayeutazama mguu wake.

Alivumilia siku nne. Siku ya tano alimsimamisha dereva wa mikate pale pale kwenye taa, akamwomba aegeshe.

"Hebu niambie, unakanyagaje?"

"Nakanyagaje nini, fundi?"

"Mafuta."

Dereva alicheka, kisha akafikiri. "Gari ndiyo inataka hivi. Nikikanyaga haraka inanigomea, basi nimeizoea, naiendea taratibu kama bibi harusi. Ila fundi, mbona umeniuliza? Maana mke wangu naye kaniuliza juzi. Anasema siku hizi hata nikitembea, huu mguu wa kulia nautanguliza, nasita, ndiyo nauweka chini. Anasema kama wa kuazima." Alishuka kwenye gari kumwonyesha. Alipiga hatua nne kwenye vumbi, na Sikio akayageuza macho, kwa sababu alikuwa akimtazama marehemu akivuka uwanja.

Ndipo alipolikumbuka gari la shemeji yake. Haya mengine yalibeba mikate na mayai. Lile lilibeba watoto kumi na mmoja, na kila siku, asubuhi na mchana, lilivuka reli pasipo na lango wala mlinzi. Kati ya magari yote, ndilo alilolipunguzia mate kuliko yote. Dereva akitaka kukimbia pale juu ya reli, akakanyaga kama binadamu yeyote anavyokanyaga akiogopa, injini ingekabwa.

Hakungoja jioni. Alifunga lango, akaenda na begi la vifaa.

Shemeji yake alikuwa uani, anafuta viti vya gari kwa kitambaa chenye maji. Alikuwa mwanamke mwembamba wa maneno ya haraka, na msiba ulikuwa umempunguza mwili tu, si maneno.

"Karibu, shemeji. Umekuja kunijulia hali au umekuja na bisibisi?"

"Vyote viwili. Nataka kuliangalia gari."

"Gari halina ugonjwa."

"Dakika kumi tu."

"Nimesema halina ugonjwa." Alikunja kitambaa, akakikunjua. "Nisikilize, na usinicheke. Sikanyagi peke yangu mle. Nikigusa tu, kuna mguu mwingine chini ya mguu wangu. Unangoja kidogo, halafu unashuka pamoja nami. Siku nyingine pedeli inashuka kabla sijaigusa. Wewe unajua ni nani. Kwa hiyo begi lako lirudishe."

Sikio aliliweka begi chini. Aliinama mlangoni, akaibonyeza pedeli kwa mkono, akaufuata waya wake kwa kidole mpaka mwisho. Haukulegea, haukukwama. Hakuna sababu yoyote ya pedeli ile kushuka yenyewe.

"Shemeji, kwenye reli inakuwaje?"

Alijibu kwa utulivu ambao Sikio alitamani asingeusikia. "Juzi kilitokea kitu. Watoto wanaimba, nimeshapanda juu ya reli, nikasikia honi nyuma ya ghala. Treni ya mizigo, haina ratiba ile. Nikakanyaga kwa nguvu. Gari ikanyamaza. Nikajua anakuja."

"Nani anakuja?"

"Kaka yako. Si unajua yeye hakanyagi kwa haraka? Nikautuliza mguu wangu, nikamngoja. Akaja, gari ikaondoka, treni ikapita nyuma yetu."

"Nyuma yenu kiasi gani?"

Alifikiri. "Mlango wa nyuma haukuwa umefungika vizuri. Upepo wa treni ndio uliofunga."

Sikio alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Aliwaona wale watoto kumi na mmoja wanaimba, na huyu mama ameweka mikono kwenye usukani, ametulia, anamngoja maiti akanyage mafuta. Alipiga moyo konde.

"Shemeji, yule si kaka. Ni mimi."

"Wewe?"

"Niliusikia mguu wake ulipokufa. Siku ile ile niliusikia, kwenye gari la mikate, nikanyamaza. Nikawa nayageuza magari yaufuate mguu mgonjwa, ili yeye asijue kuwa najua. La kwako ndilo baya kuliko yote. Ukikanyaga polepole linakwenda. Ukikanyaga kwa hofu linakosa petroli. Huo mguu unaousikia chini ya mguu wako ni skrubu niliyoigeuza kwa mkono huu."

Ukimya wa shemeji yake ulikaa muda mrefu, na Sikio, kwa mazoea yake mabaya, alijikuta anaupima.

"Ulijua tangu gari la mikate," akasema mwishowe.

"Tangu gari la mikate."

"Na yeye alijua."

"Alijua nini?"

"Kwamba mguu haumo. Angeachaje kujua? Alikuwa anautazama kwa macho ndiyo ajue uko wapi. Usiku alikuwa akiushika kwa mikono na kuupandisha kitandani kama mzigo. Akaniapisha nisikwambie. Alisema, mdogo wangu akijua atanionea huruma, na huruma yake siiwezi." Sauti yake ilipanda. "Basi wewe ukamwonea huruma kimyakimya, na yeye akajifanya mzima kimyakimya, na mimi nikiwaandalia chai ninyi nyote, nimefunga mdomo. Tumeheshimiana, shemeji! Tumeheshimiana mpaka imebaki upana wa mlango niwaue watoto wa watu."

Sikio aliinamisha kichwa. Alimlilia kaka yake hapo, juu ya ndoo, mbele ya shemeji yake, kilio cha mtu mzima ambaye hajui kulia vizuri. Kwa miezi kumi na mitatu walikuwa wawili kwenye gari moja, kila mmoja amejificha mbele ya mwenzake, na neno moja tu lingewatoa wote.

Yule mama alimwacha alie mpaka akome. Kisha akavua kiatu cha kulia, akaingia kwenye kiti cha dereva. "Fungua boneti."

Sikio aliinama na mpira wake. Lilikuwa gari la kwanza maishani mwake ambalo mwenyewe alikaa kitini. Injini ikanguruma, ikatulia. Akagonga madigadi mara moja.

Gusa. Kimya. Kanyaga.

Kupitia ule mpira kaka yake alimwingia sikioni mzima mzima, na pumzi yake, na jasho lake, na kile kichwa kilichoinama. Aligonga tena. Alikuja tena. Mara ya tatu alikuja kwa wazi zaidi. Mkono wenye bisibisi ukasita juu ya skrubu, na tuseme kweli, Sikio alitamani kufunga boneti. Alitamani kulinunua gari lile, kulificha nyuma ya gereji, na kuja kuligonga kila asubuhi mpaka afe naye. Hakuna picha wala nguo ya marehemu iliyombakia namna ile.

"Shemeji," akasema. "Sivyo hivyo. Kanyaga kama treni inakuja."

"Siwezi. Nitamtoa."

"Watoto wamo nyuma."

Mama alitazama kwenye kioo. Viti vilikuwa vitupu, vimelowa maji ya kitambaa. Juu ya kimoja kulikuwa na soksi ndogo iliyosahauliwa. Aliitazama soksi ile, akafumba macho, akakanyaga kwa nguvu zote.

Injini ikakabwa. Ule ukimya ukafunguka kati ya mguu na mlio, mrefu, na mtu yeyote angeweza kusikia kuwa ndani yake hamna petroli hata tone. Sikio akageuza robo mzunguko.

"Tena."

Ukimya ukapungua. Akageuza robo nyingine. Mama akakanyaga, machozi yanamdondokea kwenye goti. Ukabaki ukimya wa kupepesa jicho. Sikio akauma meno, akageuza nusu ya robo, na safari hii mguu na mlio vikashuka pamoja. Akagonga. Pamoja. Akagonga mara sita, saba, pengine kumi, anatafuta mahali popote palipobaki, na hakupata kitu.

Mama alizima injini. Aliitazama pedeli muda mrefu, mguu wake ukiwa pembeni, nayo haikujongea. Kisha akalaza paji la uso kwenye usukani.

"Hayumo," akasema.

"Hayumo," Sikio akajibu.

Asubuhi iliyofuata, magari mengine yakiwa bado yanangoja zamu ya skrubu zao, Sikio aliwahi kwenye reli kabla ya gari, kwa miguu, kwa sababu hakuziamini tena hata kazi za mkono wake mwenyewe. Alisimama kando ya barabara karibu na mfagiaji aliyekuwa anakusanya majani. Gari likaja, limejaa nyimbo. Shemeji yake alisimama kabla ya reli, akatazama kushoto, akatazama kulia. Alimwona Sikio na hakumpungia mkono. Akakanyaga.

Gari liliondoka mara moja. Sikio alitega masikio yake yote, akalisindikiza juu ya reli ya kwanza, juu ya ya pili, mpaka ng'ambo. Hapakuwa na mguso. Hapakuwa na mtu anayesubiriwa. Lilikuwa gari tu, kama magari yote ya duniani, na mguu uliolikanyaga ulikuwa wa mwanamke mwenye haraka zake.

Mfagiaji aliacha kufagia alipomwona mtu mzima amesimama kando ya reli anabubujikwa na machozi.

"Pole, ndugu yangu. Umefiwa?"

"Ndiyo. Kaka yangu."

"Pole sana. Lini?"

Sikio alifuta uso kwa mkono wenye grisi.

"Sasa hivi," akasema.